Sifa za Kiendelezi

Wengine na wasifu madereva wa matatu za 35/60 wanaotufikisha mtaa wa Umoja, Nairobi, mvua ikinyesha. Mimi nasifu kiendelezi, zile herufi tatu au nne zinazokaa baada ya nukta mwishoni mwa jina la faili. Hakuna anayezitungia shairi, na kusema kweli hazijaomba.

Zina haya mno. Tangu Windows 95, kompyuta huzificha kwa faili za aina inazozijua, mpaka mwenyewe aseme zionekane. Haya hiyo ilizaa matunda Mei 2000, kirusi kilichojiita barua ya mapenzi kilipozunguka dunia kikionyesha .TXT ya upole, huku .vbs yenye sumu ikiwa imejibanza nyuma.

Lakini utukufu wake uko kwenye saiba za Innercore, huko huko Umoja, siku maombi ya kazi yanapofungwa saa kumi na moja jioni. Tangazo linataka PDF. Kijana anafika pa kuhifadhi, anaandika CV.pdf kwa mkono wake, anabonyeza. Word, kwa adabu zake, haimsahihishi. Inaongeza tu ya kwake: CV.pdf.docx. Kipande cha mwisho kimefichwa, kwa hiyo anaona CV.pdf, anaituma, anaenda zake Mutindwa kula mutura roho ikiwa kwatu. Amani kama hiyo utainunua wapi?

Mwenzake mjanja zaidi ameandika kwenye LibreOffice, ikatoka .odt. Anafuta, anaweka .docx, eti kaigeuza. Ndani haijasogea hata koma. Kiendelezi kimekubali kubandikwa bila maswali, kama kibao cha Umoja kwenye matatu ya Rongai.

Na wale ambao hawajaisamehe .docx tangu ije na Word 2007, watoe nakala, waibatize .zip, waifungue. Watakuta folda na mafaili ya XML chungu nzima, yote kwa ajili ya ukurasa mmoja wa kuomba kazi ya ulinzi.

Aliyeneemeka kuliko wote ni mhudumu wa saiba. Kuchapisha ukurasa kuna bei yake ukutani, ila "faili imekataa kufunguka" ni bei ya maelewano. Anavuta kiti, anakunja uso, anafungua orodha iliyo chini tu ya jina la faili, anachagua PDF, ambayo imekuwa hapo tangu asubuhi.

"Hamsini tu, boss."