Skuta ya Kijani na Mjomba Mtaalamu

Muuzaji wa vitu vya watoto pale Mtaa wa Kongo, Kariakoo, ana swali moja tu: "Dada, ya kike au ya kiume?" Nikamjibu nataka skuta ya mtoto wa miaka mitatu, jinsia ya skuta yenyewe sijaiulizia. Akashusha ya pinki yenye picha ya malkia, akashusha ya buluu yenye Spider-Man, kisha akakaa. Kwake kazi ilikuwa imekwisha.

Mimi nilikuwa nimejiandaa. Kwa umri ule unatafuta magurudumu matatu, mawili mbele na moja nyuma, kwa sababu skuta ya magurudumu mawili inamtaka mtu anayejua kujisawazisha tayari. Usukani uishie kati ya kiuno na kifua. Ukimfika kidevuni, siku akisimama ghafla meno ndiyo yatakayolipa. Breki huwa juu ya gurudumu la nyuma, inakanyagwa kwa mguu, basi hakikisha mguu wa mwanao unaweza kuibonyeza. Na iwe nyepesi. Nusu ya safari skuta humbeba mtoto. Nusu iliyobaki mama huibeba skuta, na mtoto juu yake.

Tulikwenda na mjomba wa binti yangu kama mtaalamu, kwa kuwa anaendesha bodaboda. Alitaka kujaribu. Sasa, skuta nyingi za magurudumu matatu hazikati kona kwa kuzungusha usukani: unaegemea upande unaotaka kwenda, nayo inakufuata. Mjomba alizungusha. Usukani ukagoma. Skuta ikashika njia yake, naye akaishika pamoja nayo, mpaka kwenye rundo la mabeseni ya duka la jirani. Mwenye mabeseni, mama wa makamo, akamwangalia pale chini, akaniangalia mimi.

"Pole, mwanangu. Kwani mtoto wa kununuliwa skuta ni yupi?"

Tulipogeuka, binti alikuwa ameshachagua: ya kijani, ambayo magurudumu yake yanawaka taa. Muuzaji akaapa kwamba haitumii betri, na kwa hilo alisema kweli. Ndani ya gurudumu mna sumaku. Likizunguka, umeme unazalishwa, taa inawaka. Ubaya wake ni kwamba mtoto akishaligundua hilo hasimami tena, maana akisimama taa zinazimika. Breki yote niliyoikagua ikawa pambo.

Shida yenyewe tuliikuta mtaani kwetu. Vigurudumu vile vidogo na vigumu vinataka njia laini. Mmoja wa waliozipa skuta hizi umaarufu duniani ni Mswisi, Wim Ouboter, ambaye amesimulia kuwa wazo lilimjia akiwa na hamu ya soseji mjini Zürich: duka lilikuwa mbali kwa miguu, karibu mno kwa gari. Zürich unateleza mpaka kwenye soseji. Kwetu mchanga unaanzia kizingitini, na muuza mihogo yuko ng'ambo ya mtaro.

Skuta ya barabara kama zetu wanayo watu wa Goma. Wanaiita chukudu: ya mbao, imevishwa mipira ya matairi chakavu, inashusha magunia ya viazi na mkaa toka milimani. Wameijengea hata sanamu mjini. Mjomba akapendekeza tumwagizie binti moja. Tangu siku hiyo mapendekezo ya mjomba hupitia kwa bibi kwanza.

Kwa sasa skuta inakimbia barazani, penye sakafu ya saruji, na wageni wanavua viatu huku wanakwepa. Ukienda kununua, nenda na mtoto mwenyewe, apande palepale dukani, umwone anavyosimama na anavyoegemea. Mnunulie na helmeti inayomkaa sawasawa, na umvalishe viatu vinavyofunika vidole. Mjomba mwache kijiweni.