Mota ya Fezi Moja na Saa ya Kijiji

Wenye fezi tatu hawajui neema waliyonayo. Kwao mota huwashwa kwa kidole ikasahauliwa. Huku kwetu machimboni Geita, upande wa Nyarugusu, nyaya zilizotufikia ni mbili tu, na kwenda kwenye transfoma ni safari ya bodaboda. Kuwasha mashine ya kusaga kunahitaji mwenye mashine, kijana mmoja mwenye mbavu, na majirani wenye subira.

Nikola Tesla, aliyepewa hataza za mota yake huko Marekani mwaka 1888, alitumia fezi zaidi ya moja, na alijua kwa nini. Fezi zikiwa kadhaa, usumaku ndani ya mota huzunguka na kuiburuta rota, ile sehemu ya ndani inayozunguka. Fezi ikiwa moja, usumaku huenda na kurudi palepale, na rota huvutwa kulia na kushoto kwa nguvu ileile. Ni kama mzee aliyeitwa kwa pamoja na wake zake wawili, kila mmoja mlangoni kwake: anabaki katikati ya ua akinguruma. Mota hiyo si mbovu wala si dhaifu. Haijui tu iende wapi. Ukiisukuma kidogo kwa mkono, upande wowote ule, inaushika huohuo na kuchanganya.

Kwa hiyo kiwandani huitilia nyaya za pili za kuanzia, kapasita ya kuzipa nguvu, na swichi ya kuzikata mota ikifika kama robo tatu ya mwendo wake. Mpango safi kabisa, mradi volti 230 zifike zikiwa 230. Siku fundi alipoweka mita wakati mashine inawashwa, ilisoma 160. Na nguvu ya kuanzia hushuka kwa mraba wa volti, maana yake mota ilibaki na chini ya nusu ya nguvu zake. Inanguruma, swichi haikati, kapasita inavimba, halafu inapasuka. Katika kijiji cha wachimbaji mlipuko wa namna hiyo haumshangazi mtu. Watu huuliza tu ni duara gani, yaani shimo gani la machimbo, limepigwa baruti.

Hapo ndipo kijana mwenye mbavu huitwa. Anauvuta mkanda, mwenye mashine anawasha, sisi wengine tunasogea mbali. Safari moja akauvuta kinyume. Mashine ikachanganya vizuri tu, ila kurudi nyuma. Mchimbaji mmoja aliyekuwa kwenye foleni akautazama ule mkanda, akabeba debe lake.

“Ngosha, mimi kesho nashuka duarani,” akasema. “Ugali uliosagwa kurudi nyuma siuli.”

Mayu, mama mmoja aliyekuwa nyuma yake, akamwomba basi amwachie yeye hayo mahindi, kwa kuwa hana duara.

Shida haikuishia mashineni. Mota ya hospawa 3 ikishachanganya hula kama ampea 15, lakini wakati wa kuanza hudai mara tano hadi saba ya hizo, na huzidai kwenye waya uleule unaotulisha sote. Mashine ya kinyozi iliishiwa nguvu ikiwa katikati ya kichwa, ikaziuma nywele na kuning’inia nazo. Kwa mnunuzi wa dhahabu, taa ikififia tu, muuzaji aliufunika mzani kwa kiganja mpaka mwanga urudi, asije akapotezewa pointi zake gizani. Runinga zilizimika penalti ikipigwa. Mimi naamini nusu ya ugomvi wa kijiji chetu ulikuwa wa kiumeme.

Mwishowe mwenye mashine akaenda Mwanza, akarudi na kisanduku ambacho mafundi wanakiita softistata. Hakiongezi umeme hata chembe. Kinachofanya ni kukata kipande cha kila wimbi la umeme, ili mota ionje volti kidogo kwanza, kisha zaidi, mpaka zitimie zote baada ya sekunde chache. Lakini volti pungufu ni nguvu pungufu, ile hesabu ya mraba haimwachi mtu, kwa hiyo fundi akapiga marufuku kutia mahindi kabla mashine haijachanganya. Mwenye mashine, aliyezoea kujaza kwanza na kuwasha baadaye, alimtazama kwa jicho la mtu anayefundishwa kula na mgeni.

Kesho yake mashine iliwaka bila purukushani. Taa hazikufifia. Kinyozi alimaliza kichwa kizima. Na mashineni hakuja mtu.

Mpaka jua la saa sita mwenye mashine alikuwa amekaa peke yake, ameshaanza kumshuku fundi kwa mambo ya usiku. Kumbe miaka yote akina mama walikuwa wakitazama taa: zikififia asubuhi, mashine imefunguliwa, beba mahindi, zikififia tena na tena, mota imegoma, endelea kufua. Sasa taa zilitulia, nao wakatulia majumbani wakisema leo hakusagwi.

Ikabidi yule kijana mwenye mbavu, ambaye softistata ilikuwa imemnyima kazi asubuhi hiyohiyo, aajiriwe upya. Siku hizi hupita mitaani akigonga ringi ya gari kwa nondo, na anadai mshahara uleule.

Nawe mwenye mashine ya fezi moja, iwe Mwakitolyo, Kahama au Katoro, usinunue kisanduku kwa kuangalia rangi. Kilichotengenezwa kwa mota ya fezi tatu hakitakufaa. Muulize muuzaji kama kinakubali mota yenye kapasita ya kuanzia, na kinabeba ampea ngapi. Akikujibu, “Zote ni sawa, mjomba,” rudisha hela yako mfukoni, nenda duka la pili.