Ratiba ya Shemeji na Maji ya Lamu

Shemeji yangu ni mhasibu Nairobi, na hata mapumziko yake huyafungia hesabu. Tulipoalikwa arusi Faza, kisiwani Pate, mume wangu alinunua kanzu, mimi nikapeleka gauni kwa fundi, naye mdogo wake akatengeneza ratiba. Lilikuwa jedwali la rangi: kijani matembezi, manjano chakula, nyekundu muda wa akiba. Amu, Manda na Pate, kila kisiwa kilipewa saa ya kufikiwa na saa ya kuachwa. Akachapisha nakala ya kila mmoja wetu na kuzitia plastiki zisije zikaingia maji. Katika maandalizi yake yote, hapo tu ndipo maji yalipotajwa.

Arusi ilikuwa siku za mwezi mpevu, jambo lililomfurahisha kwa ajili ya picha za mbalamwezi. Sasa, mwezi ukiwa mpevu, au ukiandama, bahari huwa na bamvua. Maji hujaa mpaka yakapanda ngazi za gati, kisha hupwa mpaka ukashangaa kumbe chini kuna shamba zima la matope. Tofauti ya kujaa na kupwa hufika kama mita 3. Na bamvua la pwani yetu lina tabia yake: maji hujaa alfajiri na jioni, na kukauka kabisa baina ya saa nne na saa tano asubuhi, yaani pale pale ambapo jedwali la shemeji lilikuwa kijani kitupu.

Mimi mzaliwa wa Mombasa, haya nayajua, na niliyasema. Shemeji akanisikiliza kwa adabu zote, kisha akajibu, “Usijali, shemeji. Nimeweka dakika 20 za akiba.”

Tulianza na Takwa. Huu ni mji mahame ulioko Manda, ng'ambo ya Amu, na njia yake ya bahari ni mkono mwembamba unaoingia katikati ya mikoko. Maji yakiwamo, unapita kwa raha. Yasipokuwamo, hakuna njia. Nahodha, mzee wa makamo ya baba yangu, alituambia jioni yake tuondoke mara tu baada ya sala ya alfajiri. Shemeji akampigia hesabu: nyumba tuliyofikia ilikuwa imelipiwa pamoja na kiamshakinywa, na kiamshakinywa huanza saa moja na nusu. Sijaona mhasibu anayeacha mayai aliyokwisha kuyalipia. Tukaondoka saa mbili na ushei, nahodha akiyatazama maji na kunyamaza.

Takwa yenyewe ni ya kuona. Msikiti wake una nguzo juu ya kibla, kuna mibuyu minene inayoonekana kushangaa wageni wanatafuta nini, na nje ya ukuta liko kaburi la nguzo lenye mwaka wa 1094 Hijria, ambao ni 1683 Miladia. Watu wa Shela hadi leo huvuka kwenda kuomba dua hapo. Inasemekana mji ulihamwa kwa sababu visima viligeuka chumvi, wenyewe wakavuka wakaenda kukaa Shela. Shemeji aliipiga picha ile nguzo upande wa kusini, wa kaskazini, na upande ambao jua linamchoma machoni. Kijana wa nahodha akaja kutuita. Akaja tena. Mara ya mwisho hakuita. Alikaa chini ya mbuyu akafungua karanga zake, nikajua tayari.

Boti ilikuwa imelala ubavu juu ya matope. Watu wa Takwa walihama kwa sababu ya maji, na sisi tulishindwa kuhama kwa sababu hiyo hiyo.

“Tutaondoka saa ngapi?” akauliza shemeji.

“Mai yakiya,” akasema nahodha.

“Na yatakuja saa ngapi?”

Mzee akatazama mikoko, akatazama jua, akamtazama shemeji kwa huruma. “Ngoya, bwana.” Akajifunika kikoi usoni akalala.

Shemeji hakuwa mtu wa kungoja. Alitaka tusukume. Mume wangu, ambaye maisha yake yote ameogopa kubishana na mdogo wake, akakunja suruali wakaingia. Tope la mikoko si tope la barabarani. Linakupokea vizuri, halafu halikuachi. Boti haikusogea hata kidole. Shemeji alizama hadi magotini, na alipotolewa, kiatu kimoja kilibaki huko chini. Vilikuwa viatu vya kupandia milima. Kijana wa nahodha alipapasa kwa mkono mpaka begani, akatoa kaa, akatoa chupa ya soda, kiatu hakukiona. Mbu nao, ambao kwa kawaida husubiri magharibi, waliona kivuli cha mikoko kinatosha. Ikapikwa chai ya tangawizi kwenye jiko la makaa, tukanywa, tukala mikate ya mofa ambayo nahodha alikuja nayo ya kututosha sote. Hilo lilinitia shaka kidogo. Mtu gani hubeba mikate ya watu watano kwa safari ya saa mbili, kama hajui alijualo?

Maji yalirudi adhuhuri imekwisha pita. Yalikuja kimya kimya, boti ikainuka yenyewe, nahodha akaamka bila kuamshwa.

Kuhusu matembezi ya mji wa Amu jioni ile sina mengi. Jedwali lilitupa dakika 40 kutoka ngomeni hadi mwisho wa mji, lakini kwenye kichochoro kimoja tulimkuta punda amesimama mapana na magunia ya mchanga ubavuni, mwenyewe ameingia dukani kunywa maji. Watu walisimama mbele na nyuma ya punda wakiulizana hali. Mwenye punda aliporudi, giza lilikuwa limeingia, na shemeji, kwa kiatu kimoja na sandali moja ya kuazima, alikuwa amekwisha futa Shela na Matondoni kwa kalamu nyekundu.

Siku ya arusi ndiyo ilimpandisha presha. Kadi ilisema nikahi ni baada ya sala ya alasiri. Yeye akapanga tuondoke saa tatu asubuhi, tupite Siyu kuona ngome na kununua makubadhi, tufike Faza mchana tukiwa tumeoga. Saa tatu tulikuwa gatini. Boti ilikuwapo, imejaa magodoro, mabati, kuku waliofungwa miguu na sinia kubwa za halwa. Nahodha hakuwapo. Siyu, wakatuambia akina mama waliokuwa wamejikalia kivulini, saa hizi haifikiki kwa boti ila kwa mtu anayetaka kulala kwenye mikoko. Shemeji akafumba macho.

Tuling'oa nanga baada ya adhuhuri. Tukapita Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya Manda na bara, tukatokea penye bandari mpya ya Lamu ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa 2021. Pale wamechimba kina cha zaidi ya mita 17, meli kubwa ziingie bila kuuliza maji yako wapi. Shemeji aliitazama bandari ile kwa macho ya mapenzi. Kisha akarudia kazi yake ya kutazama saa, na kila akiitazama alimgonga kiwiko mzee mmoja aliyelala ubavuni pake, kichwa juu ya gunia la mchele. Akamwomba radhi. Akamgonga tena. Saa kumi ilipopita tukiwa bado baharini, alitangaza kwamba tumeikosa nikahi, na kwamba atamtumia bwana arusi ujumbe wa kumtaka msamaha. Mtandao haukuwapo.

Faza tuliikuta imejaa maji hadi penye ngazi, na watu wamejaa gatini na kanzu zao. Walimpita shemeji, wakampita mume wangu, wakamnyanyulia mikono yule mzee wa gunia la mchele na kumteremsha taratibu, wakimbusu mkono. Ndiye shehe aliyekuja kuozesha. Sinia za halwa zilizokaa miguuni petu njia nzima nazo zilikuwa za arusi hiyo hiyo. Aliyeiandika kadi alijua “baada ya alasiri” ni boti ipi.

Nikahi ilifungwa, pilau tukala, mbalamwezi ikatoka vizuri sana, shemeji akaipiga picha bila viatu.

Wewe ukitaka kwenda Faza, shuka gatini Amu jioni ya kuamkia safari, uwaulize manahodha wenyewe. Usiulize wiki moja kabla, kwa maana maji husogea mbele kama dakika 50 kila siku. Kiamshakinywa mwambie mwenye nyumba akufungie.