Hongera, Miwani Yenye Huruma

Daktari wa macho amepitwa na wakati. Tangu Hermann von Helmholtz abuni kifaa cha kuchungulia ndani ya jicho mwaka 1851, daktari huyo humulika, huandika dawa, kisha hulifungia faili la mgonjwa kabatini. Ubahili ulioje!

Quest Pro ya Meta haina choyo hicho. Miwani hiyo ya uhalisia pepe, gramu 722 usoni, ilitoka Oktoba 2022 kwa dola 1,499 tu. Kamera zake za ndani hufuata kila mboni inakogeukia. Na mboni, watafiti wanasema, huweza kudokeza mtikisiko wa ubongo, hata ugonjwa wa Parkinson.

Tena mfadhili mwenyewe, Meta, ni kampuni inayopata karibu mapato yake yote kwa matangazo.

Anayejali afya asikawie: macho yake yanasubiriwa kwa hamu.