Babu Hana Bahasha ya Zaka

Karani wa parokia aliniuliza marehemu babu yangu alikuwa jumuiya gani. Nikamwambia kwa sasa yuko makaburi ya Kinondoni. Hakucheka. "Na kadi yake ya zaka unayo?"

Shida yangu ilikuwa ndogo: mstari mmoja wa daftari la ubatizo, kwa ajili ya kitabu cha ukoo ambacho baba wadogo wameapa kitoke kabla ya Krismasi. Shangazi, ambaye ndiye hazina yetu ya kumbukumbu, alinipa maelekezo kamili: "Baba alibatizwa mjini, kanisa la Wajerumani, lile linalotazama bahari." Mwenyeji wa Dar es Salaam ameshaanza kutabasamu. Makanisa ya Wajerumani yanayotazama bandari ni mawili, Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki na Azania Front la Walutheri, yote ya miaka ileile ya kukaribia 1900, na kutoka moja hadi jingine ni kutembea tu. Kilichotuokoa ni rozari ya marehemu, ambayo shangazi anayo mpaka leo.

Lakini kujua dhehebu ni nusu ya safari. Parokia mpya inapozaliwa, waumini huhamia huko, madaftari ya zamani hubaki kwa mama. Basi nikazunguka. Kila ofisi niliyofika ilikuwa wazi, isipokuwa kabati. Ufunguo uko kwa paroko, paroko yuko semina.

Siku ufunguo ulipopatikana, katika parokia nisiyoitaja, karani aliniwekea mezani daftari pana lenye jalada la selotepu. Mchwa walikuwa wamekula safu nzima ya wasimamizi wa ubatizo, ila wazazi wakawaachia. Nawashukuru. Faharasa ilipangwa kwa majina ya ubatizo, tena kwa Kilatini: Josephus, Josephus, Josephus, ukurasa hadi ukurasa. Inaonekana miaka ya 1930 mji huu ulikuwa na upungufu wa majina.

Jina letu la ukoo linaanza na C. Nilipekua C yote, nikatoka kapa. Kumbe Wajerumani walipoondoka na vita yao, kazi ya umisionari ilichukuliwa na Wakapuchini wa Uswisi mwaka 1921, nao walisikia kwa masikio ya kwao na kuandika walivyosikia. Padre alianza na T, akaongeza S, ndipo akakubali C na H. Y yetu ikawa J. Babu alikaa humo miaka yote hiyo amevaa jina ambalo asingeitika hata akiitiwa chakula.

Ila ni yeye. Kijiji chetu, baba yake, mama yake, kila kitu. Nikataka kushangilia, nikaona maandishi madogo pembeni. Ukifunga ndoa parokia nyingine, taarifa hutumwa kule ulikobatizwa, ikaandikwa ubavuni mwa jina lako. Ya babu ilisema amefunga ndoa Mahenge, 1937, na mwanamke ambaye sijawahi kumsikia. Bibi yetu, ambaye picha yake ya harusi imetundikwa sebuleni kwa shangazi, hakutajwa popote.

Nikampigia shangazi, nikamwamkia, nikamsomea polepole. Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekata.

"Huyo siye," akasema. "Waambie wakutafutie Josephus mwingine."