Ajali za Kulipia

Wanaojenga roboti za plastiki za katuni za Kijapani wana malalamiko yao ya kila siku, na ukiyasikiliza kwa muda utadhani wamelazimishwa kazi hiyo. Kipande kimeruka kikapotelea chini ya kochi. Antena imekatika. Mguu wa kushoto umekaa kulia, na umebana kiasi kwamba hautoki tena. Stika ndogo kuliko ukucha wa mtoto imenata kidoleni na imekataa kuhamia kwenye bega la roboti. Jumamosi inayofuata, mlalamikaji huyohuyo yuko dukani ananunua sanduku jingine. Ndugu na jamaa husema hana akili, na husema hivyo bila kushusha sauti. Mimi naona hawajaelewa tu anachonunua. Hoja yangu ni kwamba mtu huyu analipia ajali, na roboti anapewa kama risiti.

Shahidi wa kwanza ni historia ya biashara yenyewe. Katuni ya Mobile Suit Gundam, iliyoongozwa na Yoshiyuki Tomino, ilianza kuonyeshwa Japani Aprili 1979 kwa ufadhili wa kampuni ya midoli iitwayo Clover. Midoli ya Clover ilikuwa imekamilika: mtoto anaitoa sandukuni, anacheza, basi. Haikuuzika kama ilivyotarajiwa, na katuni iliyopangiwa vipindi 52 ikakatizwa kwenye cha 43. Julai 1980 kampuni ya Bandai ikaleta roboti ileile ikiwa vipande vipande, kwa kipimo cha 1/144, yaani jitu la mita 18 limeshuka hadi sentimita 12 na nusu. Bei ilikuwa yen 300. Plastiki ilikuwa ya rangi moja, gundi ya kupaka mwenyewe, na rangi ulijitafutia. Mteja, kwa ufupi, aliuziwa kazi ambayo haijafanywa pamoja na nafasi nyingi za kuiharibu, naye akaigombania. Mapema mwaka 1982 watoto walikanyagana kwenye ngazi za umeme za duka moja mkoani Chiba wakikimbilia masanduku hayo, na wengine wakaumia. Clover ilifilisika mwaka 1983. Sisemi ilifilisika kwa kosa la kuuza kitu kizima, maana biashara hufa kwa mengi. Nasema tu kwamba kati ya roboti iliyokwisha kusimama na roboti inayoweza kusimama upande, watu walichagua ya pili.

Tangu hapo kiwanda kimejitahidi kwa dhati kumwokoa mteja na mikono yake mwenyewe. Mwaka 1990 daraja la High Grade lilileta fremu moja yenye plastiki ya rangi kadhaa, na vipande vinavyoshikana kwa kubanwa tu, bila gundi. Master Grade ikafuata mwaka 1995. Mwaka 1998 ikaja Gundam ya Perfect Grade, sentimita 30 wima, na wanaoimaliza huitaja kwa sauti ya watu waliorudi kutoka safari ndefu. Real Grade ya mwaka 2010 ilileta viungo vya ndani ambavyo hutoka kwenye fremu vikiwa vimekwisha kuungana. Mwaka 2020 ikaja Gundam ya daraja la Entry Grade, ambayo vipande vyake hung'olewa kwa vidole, bila koleo na bila stika. Ni miaka 40 ya wahandisi wa Bandai mjini Shizuoka kuziba kila shimo ambalo mjenzi angeweza kutumbukia. Mwenye akili timamu angetegemea malalamiko yaishe hapo. Wajenzi, kwa upande wao, walikwenda kununua gundi. Huitia kwenye roboti isiyohitaji gundi, ili ule ufa kati ya nusu mbili za mkono uyeyuke, kisha wausugue kwa msasa usiku kucha. Hupaka rangi plastiki iliyokwisha kuwa na rangi sahihi. Hununua koleo za ubapa mmoja zenye bei kubwa kuliko roboti nyingi, na ubapa wenyewe ni mwembamba mno hivi kwamba ukikatia plastiki nene unavunjika. Wamejipatia kitu kipya cha kuharibu ambacho kiwanda hakikukitia sandukuni. Ni sawa na mtu aliyeuziwa samaki asiye na miba akarudi sokoni kudai miba yake.

Antena ni kesi ya pekee, na nitakaa hapo kidogo. Roboti ya Gundam ina antena kichwani yenye umbo la herufi V, nayo ndiyo sura yake. Bila antena, kilichobaki ni mfanyakazi wa ujenzi aliyevaa kofia ngumu. Kwa kuwa ncha kali inaweza kumchoma mtoto, kiwanda huacha kwenye ncha hizo vijibonge vya plastiki vya usalama. Vijibonge hivyo vina faida ya pili: hulinda ncha isikatike. Sasa, jambo la kwanza ambalo mjenzi anayejiheshimu hulifanya ni kuvikata. Hutumia kisu cha wembe, halafu msasa, halafu msasa laini zaidi, mpaka antena inakuwa nyembamba na kali kama ilivyo kwenye katuni, yaani imefikia hali ambayo paka akipita chumba cha pili inaweza kukatika. Na hukatika. Mara nyingi hukatika wakati wa kuichomeka kichwani, ikiwa ndicho kipande cha mwisho. Kilichotokea hapo ni mtu aliyekuta kinga dhidi ya balaa, akaielewa, akaiondoa kwa vifaa vitatu na subira ya saa nzima, kisha akapata balaa lenyewe. Mahakama yoyote ingesema amekusudia.

Au chukua wino wa mistari. Mwili wa roboti una vifereji vyembamba vinavyoonyesha mipaka ya bati zake za kubuni, na wajenzi hupitisha humo rangi nyeusi iliyozimuliwa kwa kiyeyushi ili mistari ionekane. Inapendeza kweli. Shida iko kwenye kemia: kipande kilichobanwa bila gundi hukaa kimekazwa muda wote, na kiyeyushi kikipenya kwenye plastiki iliyokazwa huipasua. Kwa hiyo uvumbuzi uliomkomboa mjenzi na gundi umegeuka kuwa sababu ya goti kupasuka siku mbili baada ya kupakwa wino, roboti ikiwa imesimama kabatini, haijaguswa na mtu. Wajenzi wanaijua habari hii vizuri. Wanaonyana juu yake kwa upole wa wazee wa kikao. Wanaendelea kupaka. Na roboti ikishanusurika na wino, huchafuliwa. Naam, huchafuliwa kwa makusudi, kwa rangi za kutu, masizi na matope, kwa mbinu zilizotoka kwa watu wa vifaru vya kijeshi vya kujenga na zikaenezwa na vitabu kama How to Build Gundam, kilichochapishwa na jarida la Hobby Japan mwaka 1981. Mtu amenunua kitu kipya na kisafi, kisha akanunua uchafu kando, ukiwa kwenye vichupa.

Pingamizi la kwanza litakuja kutoka kwa wale wanaokusanya roboti za chuma zilizokwisha kuundwa. Watasema: sisi tunalipa ghali zaidi, hatukati kitu, hatupaki kitu, na kabati zetu ni safi, hoja yako inatuhusu vipi? Inawahusu tangu mwaka 1974, kampuni ya Popy ilipotoa Mazinger Z ya aloi ya zinki, ile iliyoanzisha jina la Chogokin. Roboti hiyo, iliyotoka kwenye kazi za mchoraji Go Nagai, ilikuwa nzito, nzuri na imekamilika kabisa, ila ngumi zake zilifyatuka kwa springi. Tafakari jambo hilo. Wahandisi walikaa mezani, wakapata mwili imara wa chuma usiovunjika, kisha wakauwekea mtambo wa kupotezea mikono yake. Leo mwenye Mazinger ya zamani yenye ngumi zote mbili anajiona tajiri, na mnunuzi huuliza habari za ngumi kabla ya kuuliza habari za roboti. Thamani yake imetokana moja kwa moja na wingi wa ngumi zilizoingia chini ya makabati miaka ile. Ajali za wengine ndizo zinazompa huyu bei yake.

Wengine watasema nawaonea wapenda ukamilifu: wanakata, wanasugua na kupaka kwa sababu wanataka kazi bora, na ajali ni gharama tu ya kufika huko. Pingamizi hili lina uzito, na ningelikubali kama ukamilifu ungekuwa unawatuliza. Lakini mtazame mtu aliyemaliza roboti bila doa. Anaizungusha, anaipiga picha tatu, anaiweka kabatini, na ndani ya wiki haitaji tena. Iliyovunjika bega na kuungwa kwa waya wa shaba ndiyo atakayomtolea kila mgeni, akieleza waya ulipita wapi na gundi ilikauka kwa muda gani, huku mgeni akitafuta mahali pa kuweka kikombe. Ukamilifu hauna cha kusimuliwa. Ama wale wasemao kwamba haya ni mambo ya watoto, nitawajibu kwa haraka: mtoto ana shughuli nyingine. Kusugua alama nyeupe ya kukatia plastiki kwa dakika 40, kwenye sehemu ya paja itakayofunikwa na sketi ya chuma, ni kazi inayohitaji mtu mwenye madeni na majukumu ya kukimbia.

Linabaki pingamizi la masanduku. Wapenzi wa roboti hawa wana marundo ya masanduku ambayo hayajafunguliwa, juu ya kabati, chini ya kitanda, na baadhi yake nyuma ya pazia ambako mwenzi wa ndoa hatarajiwi kutazama. Ikiwa wanalipia ajali, mbona wanazihifadhi bila kuzitumia? Jibu limechapishwa na kiwanda chenyewe. Kwa miaka mingi Bandai imeweka kwenye karatasi ya maelekezo kadi ya kuagizia kipande kimoja kimoja, kila kimoja na bei yake. Kampuni iliyokuhakikishia kwamba vipande hubanana vyenyewe imekupa pia orodha ya bei za maafa yako. Huduma hiyo lakini ni ya walio Japani. Aliyeko Mombasa au Muscat, antena ikikatika, hununua sanduku zima la pili. Anatoa antena. Sasa anayo roboti moja nzima na nyingine isiyo na antena, jambo ambalo halivumiliki, hivyo anaagiza la tatu, na kwa kuwa usafirishaji wa sanduku moja na wa matatu unakaribiana bei, anaagiza matatu. Ukimuuliza kwa nini ana masanduku mengi hivyo, atakwambia kwa unyoofu kabisa kwamba anatafuta antena.