Barua ya Wazi kwa Mamlaka za Leseni za Majimbo ya Marekani

KUH: SHUKRANI KWA KUWAEPUSHIA WAVUTAJI WA NYUMBA USUMBUFU WA MTIHANI

Mamlaka tukufu,

Waraka huu unawasilishwa kwa unyenyekevu mkubwa, kwa niaba ya wote wanaonunua trela ya gurudumu la tano Ijumaa na kuingia nayo barabara kuu Jumamosi, ili kuzipongeza Mamlaka kwa ugunduzi ambao wanafizikia, pamoja na vyombo vyao vyote, hawajaufikia hadi leo: kwamba mzigo wa tani saba hupungua uzito pale anayeuvuta anapokuwa halipwi.

Inafaa kueleza kwanza kinachozungumziwa. Trela ya gurudumu la tano ni nyumba ya safari yenye chumba cha kulala, jiko, choo na pengine hata mashine ya kufulia, ambayo sehemu yake ya mbele imeinuka na kulala juu ya bodi la pikapu badala ya kufungwa nyuma ya bampa. Chini ya sehemu hiyo hutokeza pini ya chuma yenye kipenyo cha inchi 2, nayo huingia katika mataya ya sahani nzito iliyofungwa ndani ya bodi, juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo. Sahani hiyo ndiyo iitwayo gurudumu la tano, ingawa haiviringiki kwenda popote. Jina imelirithi kutoka kwa pete ya chuma iliyolazwa juu ya ekseli ya mbele ya magari ya farasi ili ekseli hiyo iweze kugeuka. Dereva wa lori kati ya Mombasa na Malaba, au kati ya Dar es Salaam na Tunduma, angeitambua papo hapo, maana semitrela anayoivuta imeungwa kwa namna hiyohiyo, tofauti ikiwa kwamba yeye hakukabidhiwa funguo kwa sababu tu amestaafu na ana hamu ya kuona milima.

Kutokana na sheria ya usalama wa magari ya biashara ambayo Bunge la Marekani liliipitisha mwaka 1986, dereva wa biashara hulazimika kuwa na leseni ya pekee pale gari na trela yake vinapofikisha kwa pamoja uzito wa juu ulioidhinishwa wa pauni 26,001, yaani takriban kilo 11,794, huku trela peke yake ikizidi kilo 4,536. Kuanzia tarehe 7 Februari 2022, anayeiomba leseni hiyo kwa mara ya kwanza hana budi kufundishwa kwanza na mkufunzi aliyesajiliwa, kisha akague gari mbele ya mtahini huku akitaja viungo vyake kimoja baada ya kingine, arudi nyuma kwa mistari iliyopimwa, na hatimaye aendeshe barabarani. Jirani yake anayevuta uzito uleule, kwa pini ya kipenyo kilekile, akienda kuvua samaki, katika majimbo mengi hutosheka na leseni aliyoipata ujanani kwa kuegesha gari dogo la mama yake. Inasikitisha kwamba California imejitenga na busara hii, kwani hudai mtihani wa maandishi kwa trela ya gurudumu la tano inayozidi kilo 4,536, na ikizidi kilo 6,804 hudai leseni ya daraja A isiyo ya biashara. Tena huwazuia wote wanaovuta trela wasipite maili 55 kwa saa, kana kwamba breki zina uhusiano wowote na mwendo. Uingereza, kwa upande wake, imezinduka, maana Desemba 2021 iliufuta mtihani wa kuvuta trela uliowahusu waliopata leseni ya gari dogo tangu 1997, nao sasa huvuta hadi kilo 3,500 kwa imani.

Kwa kuwa Mamlaka hazikuandaa mtaala, mwanafunzi hufundishwa hesabu na mlango wa gari lake. Kwenye fremu ya mlango huo, upande wa dereva, kuna kibandiko kinachotaja jumla ya uzito wa watu na mizigo ambao pikapu haipaswi kuupita, nacho husomwa na wachache, kwa sababu tangazo limekwisha kutaja namba nyingine iliyo kubwa na tamu zaidi, yaani uzito ambao pikapu inaweza kuuvuta. Trela ya aina hii, hata hivyo, haivutwi tu bali pia hubebwa, kwani sehemu ya uzito wake, ambayo kwa kawaida ni kati ya asilimia 15 na 25, huikalia pikapu mgongoni, na hiyo ndiyo huitwa uzito wa pini. Trela ya kilo 6,000 kwa kadirio la asilimia 20 hushusha kilo 1,200, na pikapu ambayo kibandiko chake kinaruhusu kilo 800 huwa imekwisha kuelemewa kabla baba, mama, watoto, mbwa na sahani yenyewe havijahesabiwa: springi hulala, tairi za nyuma huvimba mbavu, na taa za mbele humulika vilele vya miti. Muuzaji aliyeapa kwamba gari hilo litavuta bila wasiwasi hakusema uongo, maana litavuta kweli; habari ya kusimama hakuulizwa.

Kuunga trela ni somo la pili, nalo hufanyika katika uwanja wa muuzaji, mnunuzi akiwa bado anawaza marejesho ya mkopo. Mlango wa nyuma wa bodi hushushwa kwanza (wapo waliokumbuka hilo baada ya kusikia mlio), magurudumu ya trela huwekewa kabari, kisha miguu ya mbele ya trela hupandishwa au kushushwa mpaka bamba lililoishika pini liwe chini kidogo ya usawa wa sahani, ili sahani iliyoinamishwa iteleze chini yake na kuliinua inapoingia. Hapo ndipo penye hila kubwa. Trela ikiwa juu mno, pini hupita juu ya mataya badala ya kuingia ndani yake, na mtu aliyesimama kando husikia chuma kikigonga chuma, akaona kila kitu kimekaa mahali pake, akapiga kofi la furaha. Pikapu inapoondoka, pini huchomoka na sehemu ya mbele ya nyumba huanguka juu ya kuta za bodi. Dawa yake ni kuchungulia kwa tochi ili kuona kama mataya yameikumbatia pini, kisha kuvuta mbele kidogo huku breki za trela zikiwa zimeshikwa na miguu yake ikiwa bado ardhini. Hubaki kuunga waya wa umeme wenye pini saba, unaopeleka taa na amri ya breki, pamoja na waya mwembamba wa dharura ambao, trela ikikatika, huchomoa swichi na kuziacha breki zijishike kwa betri ya trela yenyewe. Dereva wa biashara huulizwa mambo ya namna hii na mtahini mwenye kalamu mkononi. Mstaafu haulizwi na mtu, na ukimya huo waraka huu unautafsiri kuwa ni heshima kwa mvi.

Barabarani, trela hukata kona kwa ndani zaidi kuliko pikapu, na kwa kuwa kiungo chake kiko juu ya ekseli badala ya nyuma ya bampa, hukata hata zaidi ya trela ya kawaida, kiasi kwamba dereva mgeni hupita kona salama salimini akaiachia nyumba yake kibao cha barabarani. Kuhusu kimo, Mamlaka zimekasimu utahini kwa madaraja. Daraja moja la reli huko Durham, North Carolina, lililokuwa na nafasi ya futi 11 na inchi 8 kabla ya kuinuliwa kwa inchi 8 mwaka 2019, limechuna mapaa ya magari marefu kwa miaka mingi bila upendeleo wala ada, na hata baada ya kuinuliwa limeendelea na kazi.

Kurudi nyuma hutahiniwa kambini, jua likikaribia kuzama, majirani wakiwa wamekwisha kuvuta viti. Kanuni ni kushika usukani kwa chini na kuupeleka mkono kule ambako mkia wa trela unatakiwa kwenda, polepole, na kushuka kutazama kila penye shaka. Mke, ambaye dakika ile amepandishwa cheo kuwa utingo bila mafunzo wala posho, husimama mahali asipoonekana katika kioo chochote na kupunga mikono yote miwili. Mtahini mkuu ni nguzo ya umeme ya kambi, ambayo hufelisha bila kusema neno.

Kwa hayo yote, inapendekezwa kwa heshima kwamba haki itendeke pande zote mbili, na dereva wa semitrela naye asamehewe leseni yake ya pekee endapo atavaa kaptula na kutamka kwamba yuko likizo, kwani vitanda na majokofu anayoyasafirisha hayana tofauti na yaliyomo katika nyumba za wastaafu. Iwapo Mamlaka zitaona pendekezo hilo ni zito, basi haiombwi fomu ya leseni iongezwe swali lolote kuhusu trela, maana tayari ina kisanduku kimoja kinacholihusu jambo hili kikamilifu, kile kinachomuuliza mwombaji kama yuko radhi kutoa viungo vyake vya mwili akishafariki.